Mstari wa Ufagio

Ukiingia karibu gesti yoyote ya Babati, inua macho ukutani, juu ya meza ya mapokezi. Utakuta Mlima Kwaraa umejifunika wingu, chini yake Ziwa Babati limetulia, na ndani ya ziwa viboko wawili, mmoja kazama kabaki masikio. Aliyechora ni Domina Kornel wa Nangara. Kila mtu mjini anajua.

Domina ni binti wa wakulima wa Sigino, watu walioteremka kutoka milima ya Mbulu zamani kutafuta shamba. Hakusomea kuchora. Alianza na mabango ya biashara: kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye kibanda cha kinyozi, paja la ng'ombe kwenye bucha, mwanamke mwenye nywele za kufika magotini kwenye saluni. Siku moja mwenye gesti ya karibu na stendi akamwomba amchoree mlima na ziwa. Domina akachora kwa furaha, akasahau hata kula. Picha ilipotundikwa, jirani naye akaitaka, na jirani wa jirani. Miaka ikaenda. Nyumba yake ya Nangara imejengwa na viboko wale wawili, na mwanawe Sylvesta amefika chuo Dodoma kwa sababu yao. Domina hakuwa na neno nao. Ila mkono wake ulishafika mahali pa kuwachora huku yeye akifikiria mboga ya jioni.

Mwaka jana alialikwa kwenye maonyesho ya wachoraji Arusha. Akachagua Kwaraa mpya kabisa, rangi imenona, akaifunga kwa kanga mbili akapanda nayo basi. Mchana akiwa amesimama pembeni na soda yake mkononi, akapita mama mmoja wa makamo, mchoraji naye, pamoja na rafiki yake. Yule mama akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu. Domina akasogea asikie.

"Mkono mzuri sana huu," yule mama akamwambia mwenzake. "Lakini mwenye mkono amechoka."

Wakaendelea na picha nyingine. Hakuwa amesema kwa ubaya, wala hakujua kwamba mwenyewe yuko nyuma yake. Domina akarudi Babati na picha yake ndani ya kanga, asimwambie mtu yeyote maneno yale. Tangu siku hiyo kila aliposhika brashi aliyasikia.

Sasa, wakazi wa mtaa wetu walikuwa wanajenga jengo la kliniki ya watoto kwa nguvu zao wenyewe. Wanaume walibeba mawe, wanawake walichota maji na mchanga, vijana wa bodaboda walisomba saruji. Mpaka wakati huo watoto walikuwa wakipimiwa uzito chini ya turubai, mvua ikinyesha wanajibanza na mama zao kama vifaranga. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Wilbroad, fundi wa zamani, mtu wa maneno machache na kofia ya pama asiyoivua ila kanisani. Lipu ya korido aliipiga mwenyewe, akisema mafundi wa siku hizi wanapaka lipu kama siagi.

Jengo lilipokaribia kwisha alimfuata Domina nyumbani.

"Mama Sylvesta, ule ukuta mrefu wa korido tunakuachia wewe."

"Mnataka Kwaraa?"

"Kwaraa tunaiona tukitoka nje. Chora unachotaka wewe. Watoto watakuwa wanakaa pale kusubiri sindano. Sindano yenyewe haichukui muda, kusubiri ndiko kunakowaliza. Wape kitu cha kuangalia."

Domina alishukuru sana. Mtu akipewa sifa namna ile, hulala usingizi mtamu. Yeye alipaka ukuta rangi nyeupe kwa haraka na kwa moyo wote, akapanga makopo yake chini, akapanda ngazi na mkaa wa kuchorea mkononi. Akasimama hapo. Mkono ukapanda wenyewe kuchora mlima. Akaushusha.

Akajaribu twiga. Akamfuta. Akajaribu watoto wanacheza mpira, akaona wanafanana na tangazo la sabuni, akawafuta nao. Kesho yake akarudi, na siku iliyofuata. Alichora kwa mkaa na kufuta kwa kitambaa mpaka ukuta mweupe ukawa na ukungu wa kijivu. "Unachotaka wewe." Hayo ndiyo yaliyomtisha. Zamani angeulizwa anachotaka kuchora, angekosa pa kuanzia kwa wingi wa mambo. Sasa alitafuta ndani yake, akakuta pametulia kama duka lililofungwa.

Rangi kwenye makopo zikaanza kufanya ngozi juu. Mzee Wilbroad alipopita kuuliza, Domina akajitetea.

"Ukuta bado haujakauka vizuri, mzee."

Mzee Wilbroad akaugusa kwa kiganja, akautazama, akamtazama na yeye. "Umekauka, Mama Sylvesta," akasema taratibu, akaenda zake. Domina aliona aibu kuliko kama angegombezwa.

Ndipo Vailet akaja kung'oa jino.

Vailet ni dada yake Domina, mkubwa wake, aliyeolewa Mbulu na kulima huko vitunguu saumu. Ni mwanamke wa sauti. Akiwa shambani kwake, watu wa ng'ambo ya bonde wanajua anachokisema, na huwa anasema siku nzima. Gego lilimsumbua tangu palizi, akalipuuza mpaka shavu likavimba kama kitumbua, ndipo akapanda basi kushuka Babati. Daktari wa meno akaling'oa, akamjaza pamba mdomoni, akampa amri: asiongee wala asicheke mpaka pamba itolewe jioni.

"Na umwangalie," daktari akamwambia Domina. "Huyu nimemwona si mtu wa kunyamaza."

Wakarudi Nangara. Vailet akaketi uani kwenye kigoda, shavu limefungwa kitambaa, macho yanahangaika. Alikuwa na mambo ya mwaka mzima ya kumsimulia mdogo wake, na yote yamezibwa kwa pamba. Akaanza kuongea kwa mikono. Domina hakuelewa. Vailet akapiga paja kwa hasira, akainuka, akaokota kipande cha mkaa pembeni ya jiko, akachukua mfuko mtupu wa saruji, akaupasua na kuutandaza chini. Akachora.

Domina akainama. Vailet hajui kuchora hata kidogo. Kulikuwa na kitu cha duara, juu yake vijiti, chini yake vijiti vingine.

"Fisi?" Domina akauliza.

Vailet akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Nungunungu? Kaanguka kichwa chini?"

Vailet akaelekeza kidole jikoni. Akajishika tumbo. Akaigiza kukoroga.

"Sufuria! Unataka uji!" Domina akaanza kucheka. "Dada, huu uji una miguu! Uji wa kwenu Mbulu unatembea?"

Vailet akashika shavu kwa mikono miwili. Macho yakamtoka machozi, mabega yanatikisika, anacheka bila sauti na anaumia, na kadiri anavyoumia ndivyo anavyozidi kucheka. Akamrushia mdogo wake kipande cha mkaa. Kikampata Domina begani, kikaacha alama kwenye blauzi.

Baada ya uji, alioufyonza kwa shida pembeni ya pamba, Vailet akatandaza mfuko mwingine. Safari hii akafumba macho kabisa, akachora mstari mmoja mrefu unaozunguka huku na huko bila mpango, akaufikisha mwisho wa karatasi. Akafumbua macho, akamsukumia Domina mfuko, akakunja shingo upande mmoja kumsubiri.

Domina akaujua huo mchezo mara moja, ingawa hakuwa ameukumbuka kwa miaka mingi. Waliucheza Sigino walipokuwa wakichunga ndama, wakichora kwa kijiti kwenye vumbi. Mmoja anafumba macho na kupiga mstari. Mwingine anaulizwa: "Nani huyu?" Ni lazima amwone mtu au mnyama ndani ya ule mstari kabla ndama hawajaingia shamba la watu. Mara nyingi waliingia.

Akaugeuza mfuko juu chini. Akautazama. Hapo kwenye pindo palikuwa na mgongo. Akaongeza jicho, akaongeza midomo miwili mizito.

"Huyu ni yule Mama Mkunga wa Sigino, kaibiwa kuku," akasema.

Vailet akashika shavu tena.

Wakacheza mchana kutwa. Mifuko ya saruji ikatapakaa uani. Akatokea jogoo aliyevaa suruali iliyombana. Akatokea kobe mwenye gunia la vitunguu saumu mgongoni, amechoka, ametoa ulimi. Akatokea mbuzi anayejitazama kwenye kioo na kujipenda. Domina hakujiuliza kama ni vizuri. Aliuliza tu, "Nani huyu?" na mkono ukamtafuta mwenyewe. Jirani aliyekuja kuomba moto aliwakuta wanawake wawili wazima wamepiga magoti chini, nyuso zimechafuka mkaa kama wapika chang'aa, akaondoka bila kuomba.

Asubuhi Domina aliamka mapema kuliko jogoo wa jirani. Akachagua michoro aliyoipenda, akaikunja, akaenda nayo kliniki karibu anakimbia. Akapiga miraba ukutani kwa uzi na chaki kama anavyofanya kwa mabango makubwa, akahamisha kila mchoro mraba kwa mraba, kwa uangalifu, akianza kupaka rangi kabla jua halijapanda. Alifanya kazi vizuri. Mistari ilinyooka, rangi hazikuvuka mipaka.

Mchana Vailet akaja na makande kwenye hotipoti. Pamba ilikwishatolewa na sauti yake ilirudi yote, na faida juu yake. Akaingia koridoni anaongea, akafika mbele ya ukuta, akanyamaza.

"Sema," Domina akamwambia kutoka juu ya ngazi.

"Ni kazi safi."

"Dada."

Vailet akaweka hotipoti chini. "Jana walikuwa wanaishi hawa. Leo umewavalisha sare. Ona, wamesimama kama wanafunzi kwenye paredi, wanasubiri mwalimu aje awakague kucha."

Domina akashuka, akasimama pembeni yake, akatazama. Jogoo alikuwa jogoo mzuri. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi. Hakuna kilichochekesha. Akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, akamwambia dada yake kwa mara ya kwanza yale maneno ya Arusha, jinsi yule mama alivyosimama, alivyosema, na jinsi yeye alivyorudi na kanga zake mbili.

"Na ni kweli," akamaliza. "Nimechoka. Labda uchoraji wangu umeishia kwenye viboko."

Vailet alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni kazi ngumu. "Jana uliinuka saa ngapi kutoka chini pale uani? Jioni nilikuita kula ukanikatalia. Mtu aliyechoka hakatai chakula." Akasimama. "Kilichokuchosha ni kujua mwisho kabla hujaanza. Jana hukujua. Mimi ndiye niliyekuwa napiga mstari."

Pale koridoni kulikuwa na ufagio mrefu wa mafundi, na ndoo ya rangi ya bluu iliyofunguliwa. Domina alikuja kufahamu dada yake anataka kufanya nini wakati amekwisha kuuchovya.

"Dada! Dada, usi—"

Vailet alikuwa amefumba macho. Akauzungusha ufagio kwa mikono miwili kama anapiga nyoka. Mstari mpana wa bluu ukaanza chini pembeni ya mlango, ukapanda, ukapita juu ya jogoo na suruali yake, juu ya kobe, juu ya miraba yote ya chaki, ukateremka, ukapinda, ukaishia katikati ya ukuta. Matone yakaanza kuteremka polepole.

Domina akashika kichwa kwa mikono miwili. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imekatwa katikati, kwenye ukuta ambao watu walibeba mawe kwa ajili yake.

Vailet akafumbua macho. Hata yeye aliogopa kidogo alipoona ukubwa wa alichokifanya, lakini hakurudi nyuma. Akaegemea ufagio.

"Nani huyu?"

"Huyu ni mwehu," Domina akasema, "na amesimama nyuma yangu na ufagio."

"Mwingine?"

Domina hakutaka kutazama. Akatazama. Ule mpindo wa mwisho ulikuwa mzito, wa uvivu, unashuka kama mtu anayekataa kuamka. Akasogea. Akapangusa tone kwa kidole, tone likageuka kope. Alisahau kwamba amekasirika.

"Ng'ombe," akasema. "Amelala. Amegeuza shingo kuangalia nani kamkanyaga mkia."

"Nani kamkanyaga?"

"Sijui bado." Akaokota brashi kubwa kuliko zote. "Hebu piga mwingine. Pale. Usifungue macho."

Makande yakalala kwenye hotipoti mpaka yakapoa.

Kwa siku zilizofuata wale dada wawili walifanya kazi pamoja. Vailet alipiga mistari, ya ufagio, ya kitambaa kilichofungwa kwenye ufito, mingine ya kiganja kitupu. Domina aliketi mbele ya kila mstari akiuuliza jina lake. Mingine ilikataa kujibu, akaipaka nyeupe bila huruma. Mingine ilijibu papo hapo. Na alipokwisha kumpata mnyama, ndipo ujuzi wake wote ulipokuja kumsaidia: mahali pa kuweka mwanga, jinsi kivuli cha tumbo kinavyoingia kwenye bluu, jinsi ya kufanya pua ionekane imelowa. Mkono aliojifunzia kwenye mabango ya bucha na kichwa cha kinyozi haukupotea. Ulikuwa umepata kazi.

Mzee Wilbroad aliingia siku ambayo ukuta ulikuwa na sura mbaya kuliko siku zote. Mistari ilikuwa imejaa, ya bluu, ya njano, ya udongo mwekundu, na wanyama waliokwisha kupatikana walikuwa wachache, wengine nusu. Alisimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mama Sylvesta," akasema, "mawe ya msingi wa nyumba hii niliyabeba kwa bega langu hili."

"Najua, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wiki ijayo watu wanakuja kufungua jengo. Nitawaambia nini? Kwamba tulipata mafuriko ya rangi?"

Miezi michache kabla ya hapo Domina angeomba radhi na kupaka ukuta wote mweupe, na baada ya wiki Kwaraa ingekuwa imesimama pale na wingu lake. Sasa alishuka kwenye ngazi, akajifuta mikono, akasimama mbele ya yule mzee. Hakuwa na wasiwasi, na mwenyewe alijishangaa.

"Uliniambia nichore ninachotaka mimi. Hiki ndicho ninachokitaka. Hakijaisha, lakini nakijua, na kitapendeza. Bado nahitaji kitu kimoja. Naomba mstari wako."

"Mstari gani?"

Domina akamkabidhi ufagio. "Chovya. Fumba macho. Piga popote palipo peupe."

"Mimi ni mwenyekiti wa kamati."

"Kwani macho ya mwenyekiti hayafumbiki?" Vailet akauliza kutoka kwenye benchi.

Mzee Wilbroad akaushika ule ufagio. Sijui ni nini kilimfanya akubali. Labda aliona uso wa Domina, kwa kuwa alikuwa amemwona pia siku ile ya ukuta usiokauka. Akachovya ufagio, akauacha uchuruzike kwenye ndoo kama fundi asiyependa uchafu, akafumba macho, akapiga mstari kutoka juu hadi chini. Ulinyooka kama rula. Mkono wa fundi haukukubali kupinda hata gizani.

Alipofumbua macho Domina alikuwa ameshaanza. Mstari ule ulikuwa mguu. Juu yake akaweka mwili wa ndege, mabega yamepanda, shingo imeingia ndani, mdomo mrefu umeshuka kwa huzuni. Korongo. Chini akamvalisha buti la mvua. Mwisho kabisa, kwa mapigo machache, akamvika kichwani kofia ya pama.

Mzee Wilbroad akasogea karibu. Akarudi nyuma. Akasogea tena.

"Hiyo kofia ni yangu."

"Ni yako, mzee."

"Na mguu wa pili uko wapi?"

"Kaukunja. Anaogopa sindano."

Mzee Wilbroad alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua ile kofia na kujifutia machozi kwayo. Hatukuwa tumewahi kusikia kicheko chake, na waliokuwa nje walikuja mbio wakidhani ameanguka.

Kesho yake akaleta kamati nzima. Kila aliyechota maji au kubeba jiwe alitaka kutoa mstari. Mama Careen, muuza mbaazi, alipiga mstari mfupi wa hasira, ukawa nyuki. Vijana wa bodaboda walipiga mmoja wote kwa pamoja wakisukumana, ukawa chatu mwenye abiria. Domina alikuwa mkali kwao. Aliyefungua jicho alirudishwa nyuma ya foleni, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia achore nini.

Siku ya ufunguzi korido ilijaa. Yalisemwa maneno, ukakatwa utepe, lakini mama zetu walikuja na watoto kwa ajili ya chanjo na hawakutaka hotuba ndefu. Wakakaa kwenye mabenchi. Mbele yao, kutoka mlango mpaka mlango, wanyama wa Domina walikuwa wamepanga foleni kama wao, wakisubiri mizani. Jogoo alikuwa amerudi, suruali imempasuka. Kobe alikuwa ametua gunia lake na kumkodolea macho aliyetangulia. Kwenye mizani alikuwa amekaa tembo mdogo sana, na mshale wa mizani ulikuwa umechomoka na kuangukia kwenye kilemba cha nyani.

Muuguzi Eliakunda, mwenye zamu, alitoka na sinia la sindano akajiandaa kwa vilio. Vilikuwepo. Mtoto akichomwa analia, hata ungemchorea malaika. Lakini waliokuwa wakisubiri hawakulia. Walikuwa wanaelekeza vidole, wanabishana, wengine wameteremka mapajani mwa mama zao kwenda kugusa buti la korongo. Eliakunda alisimama mlangoni na sinia lake, akasahau kumwita anayefuata.

Mama mmoja wa Kibarbaig, wale wafugaji, aliyehamia Mutuka hapo jirani na mumewe, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe wa bluu tangu alipoingia. Vailet, ndani ya gauni lake la Jumapili, akamsogelea kwa madaha.

"Mstari huu nimeupiga mimi mwenyewe."

"Ng'ombe huyu ana mimba," yule mama akasema.

"Hana. Amelala tu."

"Ng'ombe halali hivi bila sababu. Tazama mgongo. Atazaa kabla ya mvua za vuli."

"Mwenzangu, nakwambia nimechora mimi!"

"Ulichora umefumba macho, wamesema. Utajuaje?"

Vailet alifungua mdomo, na kwa mara ya pili tangu ang'olewe jino akakosa la kusema. Watu waliangua kicheko. Domina, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, akamtazama yule mama mfugaji anavyoukagua mgongo wa ng'ombe kama anayetaka kumnunua. Katika miaka yote ya Kwaraa hakuna mtu aliyewahi kugombania picha yake. Walikuwa wanaipenda na kuipita.

Mzee Wilbroad aliomba mchoraji aseme neno. Domina hakujificha nyuma ya watu wala kusukumwa mbele. Alitembea mwenyewe mpaka katikati ya korido, akawatazama.

"Mistari ni yenu," akasema. "Kuwaona hawa ndani yake, hiyo ni kazi yangu. Nimefurahi kuifanya. Mtoto akikuuliza huyu ni nani, usimwambie. Mwulize yeye."

Wakapiga makofi, na vigelegele vya wanawake vikaenda mpaka barabarani.

Jioni Sylvesta alipiga simu kutoka Dodoma. Alikuwa ametumiwa picha na rafiki zake, lakini simu iliyozipiga hizo picha ilikuwa mbovu na hakuona vizuri.

"Mama, naona kama kuna ndege amevaa kofia?"

"Yupo."

"Na ng'ombe wa bluu?"

"Yupo, na kuna ubishi juu yake. Njoo uone mwenyewe, haielezeki kwa simu."

"Lakini ni nzuri?"

Domina aliangalia mikono yake. Bluu ilikuwa bado imo kwenye kucha. Ndani, Vailet alikuwa anafungasha nguo zake za kurudi Mbulu na kumsimulia jirani habari za ufunguzi kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Ni nzuri sana, mwanangu," akasema. "Kaichora mama yako."